Bonde nyuma ya kiwanja: kisa cha kutafuta mahali pa biashara Goma

Kisa hiki ni cha kweli kwa mambo yake ya msingi. Majina ya watu, avenyu, bei na vipimo vya viwanja vimeondolewa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara, mafundi na wakadiriaji wanaotakiwa kusema "nunua" au "acha" juu ya kipande cha ardhi katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo.

Usuli

Familia moja inauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, misumari, rangi, mabomba, karo (vigae) za sakafuni. Kwa miaka mingi walikuwa wamekodi duka karibu na Birere, mtaa wa biashara mjini, na bidhaa zao zilitawanyika katika maghala matatu madogo. Mzigo ulikuwa unahamishwa kutoka ghala moja hadi lingine mpaka faida inaishia njiani. Walitaka mahali pamoja: duka mbele, ghala nyuma, ofisi juu.

Kilichowasukuma kuamua ni volkano. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi haikutulia, nyufa zikaonekana katikati ya mji, na tarehe 27 Mei mitaa kumi ikaamriwa kuhama. Umati mkubwa ulishika njia ya Sake, wengine kwa miguu, magodoro kichwani. Familia hii ilikuwa miongoni mwao. Walivyorudi, wazo lao lilikuwa moja: kuhamia magharibi, kwenye barabara ya Sake, mbali na njia ya lava.

Wazo hilo lina mantiki. Barabara ya Sake ndiyo inayokwenda Masisi, Minova na hatimaye Bukavu, na nyumba zilikuwa zinajengwa kwa kasi upande huo. Muuza saruji anafuata wanaojenga.

Sisi wakadiriaji tuliitwa wakati komisioneri (dalali) amekwisha kuwapatia kiwanja na avansi (malipo ya awali) imekwisha kutolewa. Swali walilotuletea halikuwa "tuchague wapi?" bali "hapa tujenge namna gani?"

Kiwanja cha kwanza

Tutakiita kiwanja cha magharibi. Kilikuwa kwenye kona, mbele yake lami, na magari mengi yakipita mchana kutwa. Kwa macho ya mfanyabiashara hakikuwa na dosari. Upande wa mbele ulikuwa sawa na barabara, kisha ardhi ikashuka kuelekea nyuma na kufanya bonde lenye kina cha kuzidi urefu wa mtu, lililozungukwa na miamba.

Bonde hilo ndilo lililomvutia fundi wao. Anayejenga Goma anajua gharama ya kuchimba. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano. Hata shimo la choo linachimbwa kwa nyundo na mtaimbo, siku baada ya siku, na watu hulipwa kwa kina walichofikia. Hapa asili ilikuwa imekwisha kuchimba. Fundi alichora ghala la chini kwa chini ndani ya bonde, sakafu ya duka ikiwa juu yake, usawa wa barabara. Karo na rangi zingekaa chini, mahali pa baridi. Kwenye karatasi ilikuwa akiba kubwa, na mchoro wenyewe ulikuwa mzuri.

Upande wa hewa, walikuwa wamefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: walimleta mtu mwenye kipimo cha gesi. Alifika saa nane mchana, upepo wa ziwani ukivuma, akasimama barabarani na kwenye ukingo wa bonde, akaandika kwamba hewa ni ya kawaida. Ripoti hiyo ya ukurasa mmoja ilikuwa tayari ndani ya faili tulilopewa.

Mzee wa zamu

Siku tuliyofika mara ya kwanza tulimkuta mzee aliyekuwa zamu (mlinzi) wa kiwanja. Kibanda chake kilikuwa mbele kabisa, karibu kugusa barabara, na kitanda chake kimeinuliwa juu ya matofali. Tukamuuliza kwa nini halali nyuma, kwenye kivuli, mbali na kelele za magari.

"Huku chini hatulali, patroni," akasema. "Mbuzi wa jirani alilala mara moja tu."

Akatuonyesha. Chini ya bonde majani yalikuwa yamefifia rangi kwa duara, na kati ya mawe kulikuwa na mijusi iliyokufa na ndege mdogo mmoja, manyoya yake bado mazima. Hakuna mnyama aliyekuwa amewala.

Hiyo ni mazuku. Kila mkaaji wa magharibi ya Goma amelisikia neno hilo tangu utotoni, hasa upande wa Himbi, Keshero, Lac Vert na Bulengo. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi; inajikusanya kwenye mabonde, mashimo na vyumba vya chini. Haina rangi, na mtu hawezi kuitegemea pua yake. Upepo na jua la mchana huitawanya. Usiku, upepo ukitulia, inajaa tena, na alfajiri ndipo huwa nyingi kuliko wakati wote.

Kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana, kilichochukuliwa ukingoni, kilikuwa sahihi kwa saa hiyo na mahali hapo. Juu ya ghala litakalokuwa chini, lenye mlango uliofungwa usiku kucha, hakikusema neno.

Tulirudi kabla jua halijatoka. Hatukushuka. Kipimo tulikifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kukiteremsha polepole, mmoja wetu akishika mwanzi na mwingine akisoma. Kengele ilianza kulia kabla hakijafika nusu ya mteremko. Karibu na chini namba ilifika mwisho wa uwezo wa kipimo na kubaki pale. Hewa tunayovuta kila siku ina karibu asilimia 0.04 ya gesi hii. Kazini kikomo kinachotumika nchi nyingi kwa siku nzima ni asilimia 0.5, ikizidi asilimia 10 mtu hupoteza fahamu haraka na kufa. Tulirudia asubuhi nyingine, yenye upepo kidogo, na hali ilikuwa afadhali lakini bado mbaya. Mchana uliofuata, chini kabisa ya bonde, kipimo kilionyesha hewa ambayo mtu angeweza kusimama ndani yake bila kuhisi lolote. Tofauti hiyo ya saa chache ndiyo inayoua watu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna desturi inayonitia hofu. Wapo mafundi wanaopima kwa kiberiti au mshumaa: ukizimika, wanasema gesi ipo, ukiwaka, wanashuka. Moto wa mshumaa huzimika pale gesi hii inapokuwa imekwisha kufika kiwango cha kumwangusha mtu. Mshumaa unaowaka hauthibitishi usalama, na anayeinama kuuweka chini anapeleka pua yake palepale gesi ilipo.

Karatasi

Wakati huohuo tulikuwa tunafuata hati. Nchini Kongo, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Kinachouzwa ni haki juu yake, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konservateri, afisa wa Serikali anayesajili hati za ardhi. Fishi ya parseli (karatasi ya kutambulisha kiwanja) kutoka komini, yaani manispaa, barua ya shefu wa avenyu, au karatasi ya mauzo yenye mashahidi kumi haichukui nafasi ya cheti hicho. Muuzaji wa kiwanja cha magharibi alikuwa nacho, na alikuwa amewaonyesha. Hilo lilikuwa kweli.

Lakini cheti kilikuwa kwa jina la baba yake, na baba alikwisha kufariki. Anayeuza alikuwa kifungua mimba. Katika familia nyingi za kwetu mkubwa ndiye msemaji, na mnunuzi huridhika akimwona yeye amekubali. Kanuni ya familia ya 1987 haiangalii msemaji. Watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, ni warithi wa daraja la kwanza na wanagawana robo tatu ya urithi. Mjane anaingia katika daraja la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Kabla ya kuuza, warithi wanatakiwa kupata amri ya mahakama inayowatambua, kisha cheti kibadilishwe jina. Hapa hakuna kilichokuwa kimefanyika. Dada wawili na mama yao walikuwa hai, na mmoja wa dada hao, alipopigiwa simu, ndiyo mara ya kwanza aliposikia kwamba kiwanja kinauzwa.

Mkubwa huyo hakuwa tapeli, na tuliandika hivyo katika ripoti. Aliamini kwamba anafanya haki ya familia. Mnunuzi angebaki na kesi mikononi vilevile.

Kiwanja cha pili

Tuliwaomba wateja waangalie sehemu nyingine kabla ya kuamua. Binamu yao akawapeleka kwa mama mmoja mjane mwenye kiwanja katikati ya mji, juu ya lava ya 2002. Tutakiita kiwanja cha katikati.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini, ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikafunika sehemu kubwa ya eneo la biashara na kufika ziwani. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yaleyale mara tu yalipopoa. Ndiyo sababu avenyu nyingi za katikati zimeinuka, na kuna nyumba ambazo dirisha la zamani sasa liko usawa wa kifundo cha mguu. Kwa mkadiriaji jambo hilo lina matatizo mawili.

La kwanza ni mipaka. Mawe ya mpaka ya zamani yako chini ya lava. Hati ya mama huyu ilikuwa safi, kwa jina lake mwenyewe, lakini upana ulioandikwa haukulingana na upana uliopo kati ya kuta mbili za majirani. Mmoja wao alikuwa ameingia ndani kidogo alipojenga upya, bila shaka bila kujua. Mpimaji wa kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi) alianzia kwenye pointi zinazojulikana upande wa pili wa avenyu, akachora mstari, na majirani wote wakatia sahihi kwenye taarifa ya vipimo. Jirani aliyeingia hakubomolewa ukuta. Mkataba uliandikwa kwa eneo lisilobishaniwa tu.

La pili ni kilicho chini. Lava ile iliganda juu kabla ya ndani, na mara nyingine huacha mapango. Fundi alipita kila hatua akipiga mtaimbo na kusikiliza. Kona moja ya nyuma ililia tofauti, kama debe. Walipofungua walikuta kichwa cha ukuta wa zamani na uwazi wa kutosha kuingiza mguu mpaka gotini. Gesi ilipimwa humo pia, alfajiri, na kwenye nyufa nyingine zote. Hapakuwa na tatizo. Kona ile ikawekewa alama: hapa hapawekwi saruji.

Uamuzi na sababu zake

Fundi wa familia hakukubali kirahisi kuliacha bonde la magharibi, na hoja zake zilistahili kujibiwa.

Alisema bonde lijazwe mawe. Gesi inayopita kwenye nyufa za lava itapita pia kati ya mawe ya kujazia, ifike chini ya sakafu, itafute ufa wa zege au tundu la bomba. Na ikikosa, itahamia kwa jirani. Alisema ziwekwe mashine za kupuliza hewa. Mashine inataka umeme, na hata pamoja na maendeleo yaliyoletwa na umeme wa maji wa kituo cha Matebe, hakuna mfanyabiashara wa Goma anayeweza kuapa kwamba mtambo wake hautazimika saa tisa usiku. Tena saa hiyo ndiyo gesi inapojaa. Hoja yake ya tatu ilikuwa nzuri zaidi: jengo liinuliwe juu ya nguzo, chini kubaki wazi ili upepo upite. Hilo linawezekana kwa nyumba nyepesi. Kwa ghala linalobeba tani za saruji na karo, sakafu ya aina hiyo ingekula akiba yote ya bonde na zaidi, na bado vijana wa kupakua mizigo wangekuwa wanakimbilia kivuli chini ya nguzo hizo.

Mkubwa wa familia aliuliza swali ambalo lilikuwa kiini cha kazi yote: "Mnatutoa kwenye gesi mnatupeleka kwenye lava?"

Ndivyo. Kiwanja cha katikati kiko mahali ambapo lava imepita na inaweza kupita tena, na hatukumficha. Tofauti ni namna hatari inavyokuja. Lava ya 2021 ilikuja bila onyo rasmi, lakini ilitembea kwa saa kadhaa, mwanga wake ukionekana mji mzima. Inaweza kuchukua bidhaa na jengo, ila mtu mwenye miguu na njia anaweza kuondoka. Gesi kwenye ghala la chini inakuja usiku wowote, haionekani, na inamchukua kwanza mfanyakazi aliyetumwa kuleta boksi la karo, kisha mwenzake aliyeshuka kumwokoa. Familia ikachagua hatari inayoweza kuchukua mali.

Uchaguzi huo uliamua mengine. Kama mahali panaweza kupotea, hapafai kuzikwa mtaji wote: hawakununua, walikodi kwa miaka mitano. Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na kanuni zake zinamlinda mpangaji wa biashara: akifanya kazi mahali hapo miaka miwili ana haki ya kuomba mkataba uendelee, mradi aombe si chini ya miezi mitatu kabla haujaisha, na akikataliwa bila sababu halali hulipwa fidia. Ghala lilijengwa kwa vyuma vya kufunga kwa bolti juu ya zege jembamba, na mkataba unasema vyuma ni vya mpangaji.

Matokeo

Duka lilifunguliwa mwaka 2022. Tulifuatilia hadi mwisho wa 2023. Wateja wa zamani wa Birere walifuata, kodi ilikuwa inalipika, na maghala matatu yakawa moja. Kutoka kiwanja cha magharibi, familia ilirudishiwa nusu ya avansi; nusu nyingine muuzaji alikuwa amekwisha kuitumia, na warithi wenzake walisema deni hilo si lao.

Shida ilitoka kusikotazamiwa. Trela ya saruji haikuweza kuingia kwenye avenyu: lava imeiacha ikiwa nyembamba, yenye kuinuka na kushuka, na kona yake ya mwisho ni kali. Mizigo ikawa inashushwa barabara kuu na kumalizia safari kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa na mtu. Vijana wa chukudu ni hodari, lakini kila mfuko ulipata gharama ya ziada, mifuko ilichanika, na mvua ikinyesha katikati ya kazi saruji inaharibika. Baada ya miezi kadhaa familia ilikodi yadi ndogo tambarare upande wa Sake kwa ajili ya kupokea trela. Hewa ya yadi hiyo ilipimwa alfajiri kabla ya kusaini.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kumuuliza anayelala pale. Mzee wa zamu alijua asichojua komisioneri, muuzaji wala mpimaji wa kwanza, na hakuwa amefichwa, hakuna aliyemsemesha. Tangu hapo kazi ikawa ya kuthibitisha kwa kipimo, mahali sahihi na saa sahihi, maneno aliyoyasema.

Kufuatilia hati na ardhi kwa pamoja kulisaidia pia. Kila upande peke yake ungeacha mlango wa kujidanganya: "gesi tutaitafutia ufundi", "warithi tutawapatanisha". Vilipowekwa mezani siku moja, gharama ya kupatanisha warithi ili ununue shimo lenye mazuku ilionekana na kila mtu, hata fundi.

Avansi ndiyo iliyoshindikana mapema kabisa. Ilitolewa kwa sababu komisioneri alisema kuna mnunuzi mwingine njiani, na komisioneri hulipwa biashara ikifungwa, si ikichunguzwa. Kama ni lazima kutoa kitu ili kushikilia kiwanja, kiwe kidogo, kwa maandishi, chenye sharti la kurudishwa endapo konservateri au kipimo kitaonyesha kasoro. Familia haikuwa na karatasi ya namna hiyo, na nusu ile haikurudi.

Trela ndilo pengo la ukaguzi wenyewe. Nguvu zote zilikwenda chini, kwenye mawe, nyufa na mipaka iliyozikwa, na barabara ikahesabiwa kwa idadi ya wapita njia tu. Kwa duka la nguo hilo lingetosha. Kwa duka la saruji, anayepaswa kutembezwa kwenye kiwanja kabla ya kusaini ni dereva wa trela. Yule aliyeulizwa baadaye alishuka, akatazama kona, akasema haipindi, akarudi kwenye gari lake. Angeulizwa mapema, kodi ya yadi ya pili ingeingia kwenye hesabu tangu mwanzo, na mazungumzo na mama mwenye kiwanja yangekuwa juu ya bei nyingine.